Magunia Tisa ya Mbegu za Ndighala

“Fungua na hilo,” akasema Inspekta Mbodze Kingi.

Bwana Abdulghafur, muuza vitu vya kale wa Ndia Kuu, alitia mikono kiunoni akalitazama sanduku la nne kwa huruma. Matatu yalikuwa yamekwisha kufunguliwa. Birika, masinia na vinara vya shaba vilitanda sakafuni kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi, na ilikuwa haijatimia saa mbili na nusu asubuhi.

“Inspekta, nakuomba. Hivi vyaenda Hamburg. Meli yaondoka kesho.”

“Meli itaondoka na wewe utabaki ukinieleza, usipofungua.”

Koplo Charo hakungoja mwenye mali akate shauri. Alipachika nondo chini ya kifuniko, akaegemea, na misumari ikalia. Ndani mlikuwa na birika sita zilizozikwa kwenye kitu kikavu, chepesi, cha rangi ya chai ya maziwa, kilichoanza kupeperuka mara tu upepo wa mlangoni ulipokigusa.

“Afande!” Charo akasema, uso umemkunjuka. “Mbegu! Tumezipata!”

Charo alikuwa kijana mwema, ila ni wa wale ambao wakiona moshi huandaa sahani. Mbodze alichota konzi ya kile kitu, akakisugua kati ya viganja, kisha akapuliza. Kiganja kikabaki kitupu. Akachota tena, akapuliza tena. Hakuna hata punje moja iliyosalia.

“Mbegu ina uzito, Koplo. Haya ni makapi.”

“Si nilijua ni makapi!” Abdulghafur akadakia. “Hunipa Bi Tumu wa uchochoro wa nyuma, bure. Mimi humpelekea sukari na majani ya chai. Yafaa kuliko unga wa mbao, hayakwaruzi shaba.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza, binti yangu. Ulisema fungua, nami nikafungua.”

Mbodze alitaka kukasirika akashindwa. Alikaa juu ya sanduku, akavua kofia, akatazama saa yake. Zilibaki saa tano na nusu.

Alikuwa na saa hizo tu kwa sababu ya msichana mmoja aliyekuwa selo tangu Ijumaa. Nabiha Fahmi, mwana wa Bi Tumu, mzaliwa wa mtaa huu huu, msomi wa mimea, alishtakiwa kuiba magunia tisa ya mbegu na kutia mbegu nyingine mahali pake. Mbegu zenyewe zilikuwa za Ndighala, mlima mmoja mrefu wa Taita, ambako kampuni ya madini ilichimba chuma kwa miaka kumi na miwili hadi kilele kikawa kipara. Mkataba wake na serikali ulisema kampuni haiondoki mpaka iuvike mlima nyasi zake tena. Udongo ulikuwa umerudishwa, matuta ya mawe yamejengwa, na lililobaki lilikuwa kupanda kabla ya masika. Hii ilikuwa Jumatatu ya tarehe kumi na nane Machi, mwaka wa 1996, na watu wa hali ya hewa walikwisha kusema mvua ni wiki hii.

Mbegu zile zilichukua misimu miwili kukusanywa kwa mkono. Zisipopatikana, saa nane mchana Nabiha angesomewa mashtaka na kupelekwa rumande, na mvua ingeuteremsha udongo wote wa Ndighala mabondeni. Ndiyo maana Inspekta Mbodze hakunywa chai asubuhi hiyo.

“Nani alitupigia simu kuhusu duka hili?” akauliza.

Charo akafunua daftari. “Bwana Lennox, Afande. Meneja wa mazingira wa kampuni. Jana saa kumi. Alisema mkokoteni wa magunia umeonekana ukitoka kwa Bi Tumu kuja hapa.”

“Na ofisi yake iko wapi?”

“Mbaraki, upande wa pili wa kisiwa.”

“Ana macho makali Bwana Lennox. Amekaa Mbaraki, aona mkokoteni wa Ndia Kuu.” Akamgeukia Abdulghafur. “Umechukua magunia mangapi ya makapi?”

“Kumi na moja, tangu Januari. Na kama wataka kuyahesabu, mengine yako darini, yana panya.”

Mbodze akatia makapi kwenye bahasha, akaandika tarehe, akamtaka mzee atie sahihi. Moyo wa Mbodze ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa alipoingia. Makapi hayatoki hewani. Kama nyumba ya Bi Tumu ilitoa magunia kumi na moja ya makapi, basi kuna kitu kilichopetwa humo, tena kwa wingi. Hii ilikuwa habari njema ya kwanza tangu Ijumaa, na ililetwa na mtu aliyetaka kuleta mbaya.

*

Nyumba ya Bi Tumu ilikuwa uchochoro wa pili nyuma ya duka, na ngazi zake zilikuwa za mtu mwenye magoti. Mbodze alipiga hodi mara tatu, akaitikiwa kutoka juu kabisa. Huko kwenye sakafu ya wazi ya paa, wanawake saba walikuwa wameketi juu ya mkeka bila kazi, teo zao za kupetea zimeegemezwa ukutani.

“Sabalkheri, mamangu.”

“Sabalkheri, mwanangu. Karibu, kaa kitako.” Bi Tumu alikuwa mwembamba, mkavu, na macho yake hayakuwa na haja ya miwani. “Mwanangu yuwapi?”

“Yuko selo, mama. Saa nane atakwenda mbele ya hakimu.”

“Amekula?”

“Amekula. Nimempelekea mahamri mwenyewe.”

“Na alhamdulillahi. Basi uliza unalouliza.”

“Kwa nini mbegu za mlimani zikaletwa huku pwani?”

Bi Tumu akaangalia wenzake kana kwamba ameulizwa kwa nini maji hutiwa mtungini. “Kule juu kuna ukungu, mwanangu. Nguo haikauki, seuze mbegu. Zikikaa huko zaota kuvu. Nabiha akanambia, ‘Mama, jua unalo, paa unalo, na hawa wanawake wamepeta mtele tangu hawajavunja ungo.’ Nami nikamwambia zilete. Tumezianika, tumezipeta, yeye akazitia guniani na kupiga sili ya risasi mdomoni mbele ya mato yetu sote. Lori la kampuni likaya likazitukua, likazipeleka godauni Mbaraki.”

“Zilikaa Mbaraki siku ngapi?”

“Wiki tatu. Kisha zikapandishwa mlimani, na huyo meneja akafungua gunia akapiga ukelele kuwa ameibiwa.”

Mbodze akatoa bahasha nyingine mfukoni, akamimina yaliyomo kwenye uteo uliokuwa karibu. Zilitoka kwenye magunia yaliyorudishwa kutoka mlimani, lakini hakusema. “Nipetee hizi.”

Bi Tumu aliupokea uteo, akaupiga mara mbili kwa kiganja, akazirusha mbegu juu na kuzipokea, kisha akazichezesha ubavu ubavu kwa namna ambayo Mbodze, aliyezaliwa Mazeras na kupeta mahindi utoto wake wote, hakuwahi kuiona. Mbegu zikaja upande mmoja. Upande wa pili, kwenye ukingo, zikajipanga chembe ngumu za kijivu.

Mwanamke mmoja kwenye mkeka akaguna. Bi Tumu akauweka uteo chini.

“Ni nani aliyepeta hizi?”

“Wewe nieleze, mama.”

“Hakuna aliyezipeta! Uteo wangu hauwati mtanga hata chembe. Hizi zimeanikwa tini zikafagiwa. Tazama.” Akaokota kwa kucha kipande cha kitu cheusi chembamba. “Chelewa hichi. Cha ufagio. Na mbegu zenyewe ni za majani ya kando ya barabara, ng’ombe wa mtaani hula. Za Ndighala zina unywele.”

Akaingiza kidole kwenye ufa wa ukindu wa uteo wake, akatoa punje moja iliyonasa humo. Ilikuwa ndogo kuliko ufuta, na nyuma yake ulitoka unywele mrefu uliojisokota. Mbodze akaiweka kando ya zile za bahasha. Hazikuwa ndugu hata kidogo.

“Watu wakatwambia sisi wezi,” Bi Tumu akasema, akiusukuma uteo mbali naye. “Kuiba ni matusi, mwanangu, nayakubali. Lakini kusema uchafu huu umetoka mkononi mwangu!”

Wanawake wote saba wakakubali kwamba hilo ndilo lililouma zaidi.

Mbodze alikuwa amechukua chembe moja ya kijivu, anaiviringisha kati ya vidole. Ilikuwa ngumu, na ukiitazama karibu ina vitundu. “Huu si mchanga wa pwani.”

“Si mtanga, wala si tumbawe,” Bi Tumu akasema. “Siyui ni nini.”

“Mimi najua,” akasema Koplo Charo.

Wote wakamgeukia. Charo alikuwa amesimama ngazini, kofia mkononi, haya zimemjaa kwa kuwa mwanamume pekee juu ya paa lile.

“Ni klinka, Afande. Ndiyo inayosagwa kuwa saruji. Nilifanya kibarua gatini miaka miwili kabla ya kuingia polisi. Hupakiliwa Mbaraki, na malori huimwaga njia nzima. Ukifagia sakafu yoyote kule, utaikuta.”

“Koplo,” Mbodze akasema, “nimekusamehe makapi.”

*

Godauni la kampuni lilikuwa la mwisho kabla ya gati, bati juu, bati ubavuni, na mbele yake uwanja wa saruji ulioanikwa juani. Mbodze aliinama kabla hata hajapiga hodi. Alipitisha kidole kwenye ufa wa uwanja, na kidole kikatoka na chembe tatu za kijivu. Akazitia kwenye bahasha, akaandika tarehe.

Watu wawili walimpokea. Wa kwanza alikuwa Bwana Lennox, shati jeupe, tai, viatu vinavyong’aa hata katika vumbi lile. Wa pili alikuwa mtunza godauni, Tom, mtu wa makamo, mabega mapana, ambaye alisalimu kwa sauti ya chini na kubaki akitazama funguo zake.

“Mmezipata kwa yule mzee?” Lennox akauliza.

“Tumepata makapi.”

“Pole sana. Basi zimekwisha kusafirishwa. Hawa watu wa Mji wa Kale wana njia zao, Inspekta. Inasikitisha. Kampuni imetumia miaka miwili kuandaa ule mlima, na sasa msimu wa mwisho wa mkataba unapita bure.”

“Ukipita bila nyasi, kampuni inafanya nini?”

“Tutafanya nini? Hatukuiba sisi. Mkataba unasema tukizuiwa na jinai ya mtu mwingine, wajibu wetu umekwisha. Tutaondoka kwa masikitiko.”

“Mkiuacha mlima kipara.”

“Kwa masikitiko,” Lennox akarudia.

Mbodze akamwashiria Charo, naye akashusha kutoka kwenye Landrova gunia moja kati ya yale tisa yaliyorudishwa kutoka mlimani. Mdomo wake ulikuwa bado na sili ya risasi yenye alama ya Nabiha.

“Tom,” Mbodze akasema, “gunia hili lilipokaa kwako, lilifunguliwa?”

“Sili hiyo hapo, Inspekta. Haijaguswa.”

“Sikukuuliza sili. Nimeuliza gunia.”

Mbodze akalishika gunia kwa pembe mbili za chini, akalipindua kichwa chini miguu juu. Kwa siku tatu polisi wote, na yeye akiwa wa kwanza, walikuwa wamekodolea macho mdomo wa gunia, na hakuna aliyejisumbua kulitazama tako lake. Mshono wa ubavuni ulikuwa wa kiwandani, uzi mweupe, hatua fupi zilizolingana. Mshono wa chini ulikuwa wa kamba ya katani, mpya, na hatua zake zilikuwa za mkono.

“Ah,” akasema Lennox, akiinama kuutazama. “Hata Nabiha anaweza kushika sindano.”

“Anaweza. Lakini klinka haiko juu ya paa la mamake. Iko hapa.” Akamgeukia Charo. “Koplo, zunguka nyuma. Tazama kila shimo, kila pipa.”

Wakangoja. Lennox alieleza habari za baridi ya Ndighala, jinsi usiku wa Julai maji hukaribia kuganda kwenye ndoo, jinsi upepo ung’oavyo mche wowote usiokuwa wa huko. Alieleza vizuri, kwa maneno ya mtu aliyesoma. Mbodze alisikiliza na kuelewa jambo moja: huyu mtu alijua barabara kwamba nyasi za pwani zingekufa kule juu ndani ya wiki moja. Hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia.

Charo akarudi akifuta kitu kwa shati lake. “Afande, nimevipata hivi. Nyuma.”

Vilikuwa vibati tisa vya alumini, vidogo kuliko kidole gumba, na kila kimoja kimechongwa namba na herufi N. Mbodze alivitambua kutoka kwenye taarifa ya Nabiha. Msichana alisema alitia kibati kimoja ndani ya kila gunia, katikati ya mbegu, na hakumwambia mtu.

Lennox aliviona, na mara akamrukia mtunza godauni wake kwa maneno. “Tom! Ni wewe? Umezichoma mbegu za watu? Inspekta, mkamate huyu mtu, mimi sikujua lolote!”

Tom aliinua macho kwenye funguo, akamtazama mkubwa wake kana kwamba ndiyo kwanza amjue.

“Bwana Lennox,” Mbodze akasema taratibu, “nani amesema zimechomwa?”

“Si… si huyo Koplo?”

“Koplo, umesema nini?”

“Nimesema ‘nyuma’, Afande.”

“Hakutaja moto. Vibati amevifuta, havina hata masizi. Mimi mwenyewe sijui bado vilikuwa wapi. Wewe wajua.”

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Lennox alikuwa amefika ukingoni na viatu vyake vinavyong’aa. Charo alimketisha kwenye kiti cha mtunza godauni, akamfunga pingu kwenye kiti, akasimama mbele yake.

*

Shimo ambamo Charo aliviokota vibati lilikuwa nyuma ya godauni, chini ya takataka za wiki moja. Ndani yake kulikuwa na majivu mengi, na Mbodze akasimama ukingoni akiyatazama. Alikuwa amemsafisha Nabiha, naam. Lakini magunia tisa ya mlima yalikuwa jivu, na jivu halipandwi.

Alipiga magoti hata hivyo, kwa kuwa kazi ni kazi. Alichota majivu, akayasugua. Yalikuwa laini, meupe, yakapita kati ya vidole. Akachota ya chini zaidi. Laini vilevile. Akachimba hadi udongo mbichi, na pote akakuta nyuzi za gunia zilizoungua na majivu laini kama unga.

Akatulia. Nyumbani kwao Mazeras aliwahi kuunguza ufuta wa mamake, akachapwa kwa ajili yake, na alikumbuka vizuri alivyouokota sakafuni punje kwa punje. Mbegu ikiungua huwa nyeusi, lakini umbo lake hubaki. Katika magunia tisa, moto gani ungekosa kusaza hata punje moja?

“Tom,” akasema bila kugeuka. “Hapa hapajaungua mbegu. Hapa pameungua unga wa mbao.”

Nyuma yake Tom alivuta pumzi.

“Ulijaza magunia mengine unga wa mbao, ukayatia moto, na vibati ukavitupia juu moto ulipokwisha kushuka ili mkubwa wako avione. Alikwambia choma, ukamwonyesha moto. Umemdanganya.”

“Alisimama pale pale ulipo,” Tom akasema. “Akaona vibati, akacheka, akaenda zake.”

“Kwa nini hukuzichoma?”

Mtu yule mpana alitazama shimo, akatazama mikono yake. “Mimi nimefanya mabaya, Inspekta. Nimekata magunia, nimeshona, nimefagia hayo majani hapo uwanjani nikayatia ndani. Aliniambia nisipofanya, kazi sina, na nina watoto watano. Nikafanya. Lakini mbegu haichomwi. Kwetu mtu akichoma mbegu, mvua humkimbia yeye na jirani zake. Mamangu alituambia hata njaa ikikuua, ife nyumba nzima mbegu ibaki. Sikuweza. Mkono ulikataa.”

“Kwenu ni wapi?”

“Bamba.”

“Kule mamako aliweka wapi mbegu ya kupanda?”

Macho ya Tom, kabla hajayazuia, yalikwenda upande wa ukuta wa mwisho, ambako kulikuwa na banda la makuti na moshi ukipenya kila upande wake. Ndilo jiko la mkewe, Sidi, aliyewapikia wapagazi wa gati. Mbodze akasimama, magoti yake meupe kwa majivu, akaanza kwenda. Kisha akajikuta anakimbia.

Sidi alikuwa anasonga sima. Alimwona afisa wa polisi akiingia mbio, akainua mwiko.

“Dada, juu kuna nini?” Mbodze akauliza.

“Wapi?”

“Huko, kwenye uchaga.”

Juu ya moto, chini ya makuti, boriti nne mpya zilikuwa zimelazwa na kufungwa kwa kamba, kama zilivyofungwa juu ya kila meko alikozaliwa Mbodze. Moshi ulipita katikati yake bila haraka.

“Mtama wa mama mkwe,” Sidi akasema. “Mume wangu aliniambia nisiuguse. Nami siuli, Inspekta, kwani kuna nini?”

Charo aliitwa, akakwea. Lilishuka gunia la kwanza, jeusi kwa masizi, likafuatwa na la pili. Mbodze alilikata la kwanza kwa kisu cha Sidi, akatia mkono hadi kwenye kiwiko. Ulitoka na punje ndogo kuliko ufuta, na kila moja ilikuwa na unywele mrefu uliojisokota.

“Sita,” Charo akahesabu juu. “Saba. Nane, Afande!”

“Endelea.”

“Tisa!”

Inspekta Mbodze Kingi, miaka kumi na minne katika kazi, aliyejulikana kwa kutocheka mbele ya raia, alimkumbatia Sidi pamoja na mwiko wake.

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Taarifa ya Tom iliandikwa hapo hapo kwenye meza ya sima, kurasa nne, akatia kidole na sahihi. Lennox alipopandishwa Landrova akiwa na pingu, aliyatazama magunia meusi, akamtazama Tom, akapata maneno yake tena.

“Mnajisumbua,” akasema. “Ule mlima umekufa. Hakuna kitakachoota.”

“Basi ulikuwa na haja gani ya kuzichoma?” Mbodze akamwuliza, akafunga mlango.

*

Mahakamani kulikuwa kumejaa. Bi Tumu na wenzake walikuwa wamechukua benchi zima la mbele, na kila mmoja amekuja na uteo wake, kwa kuwa walikuwa wameambiwa mashahidi waje na vielelezo. Nabiha aliletwa kizimbani, mtandio umekunjamana kwa siku tatu za selo, mgongo umenyooka.

Mwendesha mashtaka alisimama, akasoma karatasi aliyopewa na Mbodze, akasoma tena, kisha akamwambia hakimu kwamba jamhuri inaondoa mashtaka yote. Mbegu zimepatikana, aliyeamuru wizi amekamatwa, na anayeshtakiwa ndiye aliyeibiwa. Hakimu akauliza kama magunia yote tisa yapo. Mbodze akajibu kwamba yako nje, kwenye lori.

Vigelegele vilivyopigwa na wanawake wale vilisikika hadi barabarani. Hakimu aligonga meza mara mbili, akaona hapati kitu, akangoja viishe kama mtu mwingine yeyote.

Nabiha hakumkimbilia mamake. Alitoka moja kwa moja hadi kwenye lori, akapanda nyuma, akafungua gunia. Mbodze alimfuata, na hofu ambayo hakuwa ameisema tangu jikoni ikamshika.

“Zimekaa juu ya moshi wiki nzima,” akasema. “Zimekufa?”

“Juu ya moshi?” Nabiha aliinua konzi, akainusa. “Joto lilizifika?”

“La. Moshi tu. Uchaga uko juu.”

Msichana yule aliyekuwa hajalia siku tatu nzima akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. “Inspekta, nyasi hizi ni za milima inayoungua. Huota kwa nguvu moto ukishapita, kwa kuwa moshi ndio unaoziamsha. Nilikuwa nikiomba nifanyiwe banda la kuzifukiza kabla ya kupanda, na Lennox akakataa kila mara. Ni nani aliyefanya hivi?”

Mbodze akamwonyesha Tom, aliyeketi kwenye ngazi za mahakama kando ya Koplo Charo, kichwa chini.

“Nipe yule mtu anisaidie kupanda,” Nabiha akasema.

“Ni mshtakiwa. Amekata magunia yako.”

“Ana hatia, na atajibu. Lakini nipe wiki moja.”

Kisheria kulikuwa na njia. Tom alikuwa amekubali kuwa shahidi wa jamhuri, na shahidi huweza kutoka kwa dhamana. Mbodze alirudi ndani, akajaza fomu, na mahali pa mdhamini akaandika jina lake mwenyewe. Wakubwa wake wangemwuliza. Alijua atakavyowajibu.

Lori liliondoka saa kumi, Nabiha mbele pamoja na dereva, Tom nyuma akiyashikilia magunia. Bi Tumu alilisindikiza hadi kwenye kona akimpa mwanawe nasaha za baridi.

Walilala njiani, na kwa ubovu wa barabara ya mlimani walifika Ndighala Jumanne jioni. Jumatano yote wanaume na wanawake wa vijiji vya chini walipanda kwenye matuta, bega kwa bega, wakimwaga mbegu kwa mkono na kuzifunika kwa udongo wa huko huko. Walimaliza Alhamisi asubuhi, ekari ya mwisho, gunia la mwisho. Mvua ilianza alasiri ile ile.